Kumtunza bata aliyeokolewa: kuanzia bwawani hadi bandani

Kila mwaka, majuma machache baada ya Pasaka, mabwawa ya bustani za miji ya Marekani hupata bata weupe wapya. Ni wale vifaranga wa manjano walionunuliwa kuwa zawadi ya watoto. Kifaranga wa aina ya Pekin hukua upesi mno: akifika wiki ya 7 ana kilo 3 na ushee, anakunya kila anapopita, kelele zake zinawafikia majirani, na wenye nyumba wamechoka. Anapakiwa kwenye gari, anapelekwa bwawani, anaachwa. Wanaomwacha huamini wamempa uhuru wake. Wapita njia nao humwona anaogelea, wakadhani mambo yake ni mazuri.

Si mazuri hata kidogo. Bata huyu hawezi kuruka, kwa sababu watu wamemzalisha kizazi baada ya kizazi awe na nyama nyingi kuliko uzito ambao mabawa yake yanaweza kuunyanyua. Weupe wake unaonekana na mwewe na mbweha kutoka mbali. Hakulelewa na mama wa kumwonyesha chakula kiko wapi, na maji yakiganda wakati wa baridi, bata mwitu wanahama yeye anabaki. Hana pori la kurudi. Ukimwokoa, umejitwika kumtunza maisha yake yote, na akitunzwa vizuri anaweza kufika miaka 8 hadi 12.

Haya ninayoyaandika nimejifunza kwa kujitolea kwenye hifadhi ya wanyama wa shamba katika jimbo la New York. Msomaji wa pwani ya Kenya anaweza kuifikiria ile hifadhi ya punda ya Lamu, ambako punda wagonjwa na wazee hupata matibabu na mahali pa kukaa. Hizi za huku hufanya hivyo kwa ng'ombe, nguruwe, kuku na bata. Farm Sanctuary, iliyoanzishwa mwaka 1986 na yenye shamba lake Watkins Glen, ni mojawapo ya zile za mwanzo. Na si ajabu bata wa Pekin kuwa wengi katika jimbo hili: ndege wa kwanza wa aina hii waliletwa kwa meli kutoka China mwaka 1873, wakafika wachache tu wakiwa hai, na baadaye kisiwa cha Long Island kikajulikana nchi nzima kwa mashamba yake ya bata. Baridi na rakuni, mnyama mdogo wa Amerika anayewinda usiku, huenda havikuhusu ulipo, lakini sehemu kubwa ya mwongozo huu itakufaa, uwe Minneapolis, Arusha au Bujumbura.

1. Hakikisha ni bata wa kufugwa

Huku bata mwitu wanalindwa na sheria ya ndege wahamao ya mwaka 1918, na kumkamata bila kibali ni kosa. Kwa hiyo tazama kwanza. Mweupe mzima mwenye mdomo wa rangi ya chungwa kwa kawaida ni Pekin. Mwenye ngozi nyekundu yenye vinundu usoni ni Muscovy, aliye wa kawaida kwenye maboma na nyumba nyingi za Afrika Mashariki. Asili yake ni Amerika ya Kati na Kusini, na huyu anaweza kuruka, hasa jike. Anayewachanganya watu ni Rouen, kwa kuwa ana rangi zilezile za bata mwitu: kichwa cha kijani na pete nyeupe shingoni. Mpime kwa macho. Bata mwitu ana kilo 1 na kidogo, mwembamba, ukimsogelea anaruka. Rouen ni mzito mara mbili au tatu yake, tumbo karibu linagusa chini, na akiogopa hupiga mabawa bila kuiacha ardhi.

2. Mkamate bila kumkimbiza

Usiingie majini kumfukuza. Bata anaogelea kwa kasi kuliko mtu na mtumbwi wake, na mkikosa mara moja hatawaamini tena.

Mzoeze chakula kwanza. Nenda saa ileile kila siku, mahali palepale, mwagia punje za mahindi yaliyopasuliwa au njegere, na kila siku sogeza chakula mbali kidogo na maji. Siku ya kumkamata njooni watu watatu au zaidi, na nyavu pana au vipande vya uzio mwepesi. Akishatoka kula, mmoja apite polepole kati yake na maji, wengine wamsogeze kwenye kona ya ukuta au ua. Mwendo uwe wa taratibu. Bata mzito akikimbizwa kwenye joto anaweza kuanguka na kufa.

Akifika mkononi, yabane mabawa yote mawili kwenye kiwiliwili chake kwa mikono, kisha mnyanyue na kumkumbatia kifuani, miguu ikiwa imeegemea kiganja chako. Kamwe usimbebe kwa miguu, shingo wala bawa kama tunavyoona kuku wakibebwa sokoni. Mifupa ya miguu ya bata huvunjika upesi, na goti likishateguka kwa ndege wa kilo 4 halirudi sawa. Mweke kwenye kreti yenye matundu ya hewa, tandika taulo, funika giza liingie. Atatulia.

Kama walikuwa wawili, wakamateni wote wawili siku hiyohiyo. Anayebaki peke yake hulia mchana kutwa, na kwa kulia anajitangaza.

3. Siku 30 za karantini

Mgeni asichanganywe na wenyeji. Mpe banda lake la mbali, vyombo vyake, na viatu vyako vya kuingilia huko pekee. Hudumia wenyeji kwanza, mgeni mwishoni, kisha nawa mikono kwa sabuni, kwa ajili yao na kwa ajili yako pia, maana bata wanaweza kubeba salmonella bila kuonyesha dalili yoyote.

Ndani ya siku hizo mpeleke kwa daktari wa mifugo anayejua ndege. Mtafute daktari huyo kabla hujamleta bata, kwa sababu wengi wanatibu mbwa na paka tu, na utampigia simu usiku bata akiwa anahema kwa shida. Omba kinyesi kipimwe minyoo, na kama mfuko unaruhusu, apigwe picha ya eksirei. Bata hupenda kumeza vitu vinavyong'aa: misumari, sarafu, vipande vya waya, na vile vizito vya risasi wanavyoacha wavuvi. Zinki na risasi humtia sumu polepole. Utaona kinyesi cha kijani kibichi, miguu isiyo na nguvu, mabawa yanayoning'inia. Ikigunduliwa mapema inatibika kwa sindano za kuondoa madini mwilini. Ndiyo maana kila tukijenga au kukarabati, tunapita na sumaku chini kabla bata hawajafunguliwa.

Wewe mwenyewe mkague kila siku. Mpime kwa mzani wa jikoni au wa mizigo na uandike. Pitisha vidole kwenye mfupa wa kifua: ukichomoza kama kisu, amekonda, hata kama manyoya yanamfanya aonekane mnene. Angalia macho. Bata aliyetoka kwenye banda la nyama lenye chuchu za kunywea maji pekee, bila bakuli, huja na macho yenye utando na ukoko, kope zimegandamana, na matundu ya pua yameziba kwa vumbi la chakula. Mara nyingi siku chache za bakuli la maji ya kina zinatosha kuyafungua. Yasipofunguka, arudi kwa daktari.

4. Maji: ya kunywa kwanza, ya kuogelea baadaye

Watu hukimbilia kuchimba bwawa. Kitu cha lazima zaidi ni chombo chenye kina cha kutosha kuzamisha kichwa kizima hadi juu ya macho, sentimita 10 hadi 15. Hapo ndipo anaposafisha macho na pua. Kiwe karibu na chakula saa zote, kwa sababu bata humeza kwa msaada wa maji. Ukimpa chakula kikavu bila maji anaweza kukabwa. Ukiondoa maji usiku, ondoa na chakula pia.

Kuogelea kunafuata, na hapa pana hatari ambayo wengi hawaitarajii. Bata ambaye hajawahi kuoga hana manyoya yanayozuia maji. Mafuta hutoka kwenye tezi iliyo juu ya mkia, naye huyapaka mwilini kwa mdomo, lakini kazi hiyo inahitaji maji safi na mazoea. Ukimtia kwenye kidimbwi siku ya kwanza analowa hadi kwenye ngozi, anakuwa mzito, anatetemeka, na anaweza kuzama. Anza na beseni la maji vuguvugu, dakika chache, siku ya jua, ukiwa umesimama hapo. Mkaushe. Rudia. Baada ya wiki kadhaa utaona matone yakisimama juu ya mgongo na kuteleza, na hapo yuko tayari.

Kidimbwi cha plastiki cha watoto kinatosha bata wachache, mradi kina ngazi au mawe ya kutokea. Badilisha maji kila siku, majira ya joto hata mara mbili. Yale machafu yamwagie migomba au bustani. Maji ya moto yaliyotuama, yenye majani na mizoga inayooza, huzaa sumu ya botulizimu: miguu inalegea kwanza, kisha mabawa, mwishowe shingo haiinuki. Ukiona hivyo, mtoe kila bata kwenye maji hayo mara moja kisha mpigie daktari.

5. Chakula

Mkate acha. Unamjaza tumbo bila kumpa kitu.

Mtu mzima mlishe chakula cha bata chenye protini asilimia 14 hadi 16. Kisipopatikana, chakula cha kuku kinafaa kwa masharti mawili. La kwanza, kisiwe kile kilichochanganywa dawa, isipokuwa daktari amesema. La pili, ongeza niasini, yaani vitamini B3. Mahitaji ya bata ni makubwa kuliko ya kuku, na kifaranga wa bata aliyekuzwa kwa chakula cha vifaranga wa kuku peke yake huota miguu iliyopinda na vifundo vilivyovimba, na baada ya hapo hatembei vizuri tena. Hamira ya bia ya unga, kijiko kimoja cha mezani kwa kikombe cha chakula, inaziba pengo hilo. Majike wanaotaga wawekewe maganda ya chaza yaliyosagwa kwenye chombo cha peke yake, wachukue wenyewe wanapohitaji. Mboga za majani, njegere na tikiti maji ni vya kufurahisha, visizidi sehemu ya kumi ya mlo.

Sasa kuhusu ukungu, na hapa naomba usome polepole. Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza kwa ugonjwa usiojulikana, na vifaranga wa bata wakafa pia. Chanzo kikapatikana kwenye mashudu ya karanga kutoka Brazil: kuvu iliyotoa sumu ambayo leo tunaiita sumukuvu. Vifaranga wa bata waliathirika upesi kiasi kwamba wanasayansi wakawatumia kupimia kama chakula fulani kina sumu hiyo. Ni sumu ileile iliyoua watu 125 Kenya mwaka 2004 kwa mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu. Kwa hiyo ile desturi ya kusema mahindi yaliyooza "yawafae bata" ni ya kuikomesha. Wao ndio wanaoathirika mapema kuliko karibu mifugo yote. Gunia likinusa uvundo, litupwe lote, usichambue. Majani makavu ya kutandika yenye ukungu nayo yasiingie bandani, kwa sababu mbegu za kuvu huota kwenye mapafu yao na kupona ni kwa nadra.

6. Banda la usiku

Bata wa kufugwa akilala nje ataliwa, swali ni lini. Huku ni rakuni, mbweha, bundi na mink, mnyama mdogo anayefanana na nguchiro. Kwetu ni kicheche, nguchiro, kenge, nyoka na mbwa wa jirani. Waya wa kuku humzuia bata asitoke, lakini haumzuii rakuni, ambaye huupasua au huingiza mkono. Tumia wavu mgumu wa matundu ya nusu inchi, uzikwe ardhini au utandazwe kuelekea nje sentimita 30 hivi ili anayechimba agonge waya. Rakuni hufungua komeo la kawaida. Weka kufuli au ndoano yenye kibano, na funga kabla giza halijaingia, si baada ya chakula chako cha jioni.

Ndani hakuhitaji vichanja, bata hulala chini. Kunahitaji nafasi ya nusu mita ya mraba au zaidi kwa kila mmoja, maranda au majani makavu kwa unene, na matundu ya hewa juu karibu na paa, kwani pumzi na kinyesi chao vina unyevu mwingi. Piga magoti, weka pua usawa wa kichwa cha bata. Macho yakikuwasha kwa amonia, wao wanavuta hiyo usiku kucha.

Baridi wanaistahimili kuliko joto, wakiwa wakavu na bila upepo, ingawa Muscovy hupata majeraha ya baridi miguuni na usoni. Joto likizidi, kivuli na maji baridi kwanza, mengine baadaye.

7. Miguu, miguu, miguu

Ukiniuliza ni kazi gani moja isiyoruhusiwa kusahaulika, nitasema hii. Pekin wa nyama alikusudiwa kuchinjwa akiwa na wiki 6 au 7. Hakuna aliyepanga miguu yake imbebe miaka 10. Kilo zote zile zinalala juu ya nyayo mbili za ngozi laini, na sakafu ya saruji au changarawe inazitafuna.

Mara moja kwa juma mkalishe mapajani, mgongo wake ukiegemea tumbo lako, ugeuze unyayo kwenye mwanga. Unyayo mzima ni laini na una vinundu vidogo sawasawa, ukiugusa anakunja vidole. Unachokitafuta ni doa jekundu linalong'aa katikati ya mto wa unyayo. Hilo ni onyo. Linalofuata ni sugu, kisha ukoko mweusi mgumu, na chini ya ukoko huo kuna usaha wa bakteria, mgumu kama jibini, unaoelekea kwenye mfupa.

Kwenye hatua ya wekundu: badilisha sakafu. Mazulia ya mpira, maranda mengi, nyasi, muda zaidi majini ambako uzito haumgusi mguu. Mpunguzie kilo kwa kupima chakula badala ya kujaza chombo. Kwenye ukoko mdogo: loweka mguu kwenye maji vuguvugu yenye chumvi ya Epsom dakika 15, kausha, paka dawa uliyopewa na daktari, funga gozi na bandeji inayojishika, ukibadilisha kila siku. Ukiona uvimbe, joto au kuchechemea, usikate kwa wembe nyumbani kama baadhi ya video zinavyoonyesha. Ndege anahisi maumivu yote hayo, ila ameumbwa kuyaficha. Daktari ana ganzi na antibiotiki.

8. Wenzake, madume na mayai

Bata mmoja peke yake si wa kukubalika, na kioo au kuku si mbadala wa bata. Wawe wawili angalau.

Mchanganyiko ndio mgumu. Jike la jamii ya Pekin au Rouen lina sauti kubwa, ile kwaa kwaa tunayoijua. Dume anatoa mkwaruzo wa chini kwa chini, na juu ya mkia wake kuna manyoya mawili matatu yaliyojikunja kwenda mbele. Dume mmoja kwa majike matatu hadi matano ni kipimo cha kawaida. Madume wakizidi, majike hupandwa hadi manyoya ya shingoni yanaisha na ngozi inachanika, na kwenye maji wanaweza kuzamishwa. Watenge madume wa ziada kwenye kundi lao. Bila majike mbele yao wengi huishi kwa amani. Dume wa bata asikae na kuku majike, kwani maumbile yake yanaweza kuwaumiza ndani na kuwaua.

Bata mwitu hutaga mayai 8 hadi 13 kwa uzao mmoja. Khaki Campbell, bata wa mayai, anaweza kufikisha 300 kwa mwaka, na kila ganda limetoka kwenye kalisi ya mwili wake. Usimwongezee taa za usiku. Akianza kulalia, badilisha mayai yake kwa ya bandia ili asiendelee kutaga kujaza kiota. Hifadhi nyingi huchemsha mayai hayo na kuwarudishia ndege yamesagwa na maganda yake. Vifaranga wapya haturuhusu kuanguliwa, nafasi ni ya wanaosubiri kuokolewa. Jike anayejikamua bila yai kutoka, amesimama wima, mkia unapwita, hataki kula, ni dharura ya saa, si ya kesho.

9. Mafua ya ndege

Tangu mwaka 2022 virusi vya H5N1 vimeenea Marekani kupitia ndege mwitu, na hifadhi nyingi zimelazimika kufunga milango kwa wageni na kuwaweka bata chini ya paa. Chakula kifunikwe, bwawa lisishirikishwe na bata mwitu, viatu vioshwe kwa dawa mlangoni. Vifo vya ghafla viripotiwe kwa idara ya mifugo. Usimpasue ndege mwenyewe.

10. Ukimkabidhi kwa mtu mwingine

Hifadhi zikijaa, bata hutafutiwa nyumba. Nenda ukaone banda kwa macho yako, jioni, wakati wa kufunga. Andikianeni mkataba mfupi: hatachinjwa, hatauzwa, hatazalishwa, hatakaa peke yake, atafungiwa kila usiku, na mwenye nyumba akishindwa, bata anarudi kwako. Mpe na karatasi ya uzito wake, tarehe za daktari na picha ya nyayo zake za siku aliyoondoka, kisha piga simu juma la kwanza uulize kuhusu hizo nyayo.